Wafulani waliotulia: kinachoondoka kwanza ni lugha, maziwa au ng'ombe?

Mwalimu_Kondo

Wakuu, salaam.

Naandaa vipindi viwili vya kidato cha tano kuhusu jamii za wafugaji zilizoacha kuhamahama. Wamaasai na Wabarabaigi wanafunzi wamewazoea, safari hii nataka niwapeleke Afrika Magharibi kwa Wafulani. Kinachonisumbua ni kwamba maelezo yanapingana. Wapo wanaosema Wafulani wa Kano na Sokoto, kaskazini mwa Nigeria, wamekwisha kuwa Wahausa. Wapo wanaosema Yola na kaskazini mwa Kamerun mambo ni kinyume, makabila mengine ndiyo yaliyogeuka Wafulani. Halafu Futa Jallon, kule Guinea, watu wametulia tangu karne ya 18 na lugha yao iko palepale.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwa nini matokeo yanatofautiana hivyo? Ndani ya nyumba, mambo huondoka kwa mpangilio gani? Na mtu akitaka kupima kwa haraka kwamba jamii fulani imefika wapi, aangalie nini? Tafadhali tuache siasa za mapigano ya wakulima na wafugaji kwa leo, ule ni uzi mwingine.

---

Zizi_la_Magharibi

Mwalimu, anza kwa kuwaondolea wanafunzi dhana kwamba kutulia ndiko kunakoua lugha. Futa Jallon peke yake inatosha kuivunja. Watu wa kule ni wakulima wa vilimani. Mwanamke ana bustani yake kuzunguka nyumba, wanaiita suntuure, imezungushiwa ua wa miti hai, inatiwa samadi na majani kila mwaka, ndani yake kuna mahindi, magimbi na mihogo. Nje ya ua huko mashambani hulimwa fonio. Ng'ombe wapo, wale wadogo aina ya N'Dama wanaostahimili ndorobo, lakini hakuna anayehama nao kwa miezi. Na bado Kipular (ndivyo lugha ya Wafulani inavyoitwa huko, Nigeria na Kamerun huitwa Kifulfulde) ndiyo lugha ya soko, ya msikiti na ya ugomvi wa watoto. Sababu ni kwamba waliotulia pale mwanzoni mwa karne ya 18 walianzisha dola yao wenyewe, na lugha yao ikawa lugha ya dola hiyo. Mashairi ya dini yaliandikwa kwa Kipular kwa herufi za Kiarabu, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa.

Sasa linganisha Kano na Yola. Utawala wa Kifulani katika miji yote miwili ulitokana na vita vya jihadi vilivyoanza 1804 chini ya Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani aliyeanzisha dola ya Sokoto. Kano, Wafulani waliteka mji uliokuwa tayari na soko kubwa, ukuta, mahakama na lugha moja iliyoeleweka kote, Kihausa. Walikuwa wachache. Walioa wanawake wa Kihausa na wakaweka masuria, na mtoto hulelewa kwa lugha ya mama na ya yaya. Adamawa, ambako Modibbo Adama aliweka makao Yola mwaka 1841, kulikuwa na makabila mengi madogo yenye lugha nyingi na hakuna iliyotawala soko. Pengo hilo likajazwa na Kifulfulde. Ndiyo maana hadi leo ukienda Garoua, Maroua au Ngaoundéré utawakuta Wambum na wengineo wakiuziana kwa Kifulfulde.

Ukitaka mifano mikali zaidi hukohuko Nigeria, Bida watawala wa Kifulani wanazungumza Kinupe, na Ilorin wanazungumza Kiyoruba. Emiri ni Mfulani kwa ukoo, lugha ya nyumbani ni ya waliotawaliwa. Wasulu, pale Mali inapokutana na Guinea na Ivory Coast, wako watu wenye majina ya ukoo Diallo, Diakité, Sidibé na Sangaré, wanaojitambua kuwa na asili ya Kifulani na wanaozungumza lugha ya jamii ya Kimandinka. Huko lugha ilikwisha zamani.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: mabadiliko ya Sokoto hayakungoja Waingereza. Nana Asma'u, binti wa Usman dan Fodio (1793–1864), alitunga kwa Kiarabu, Kifulfulde na Kihausa, na maandishi ya baba yake ya Kifulfulde aliyageuza kuwa Kihausa ili wanawake wa kawaida wayashike kwa moyo. Katika kizazi kimoja tu, nyumba yenyewe ya waanzilishi ilikuwa inafundisha kwa lugha ya waliowengi. Hakuna aliyewalazimisha. Walitaka kueleweka.

Kilichobaki Kano ni ukoo na cheo. Cheo cha Madaki hutoka kwa ukoo wa Yolawa, Makama kwa Jobawa, Sarkin Bai kwa Dambazawa, na nyumba ya emiri ni Sullubawa tangu Ibrahim Dabo aliposhika kiti mwaka 1819. Hayo ni majina ya koo za Kifulani, na yanalindwa kwa wivu mkubwa na watu wasioweza kusema sentensi mbili za Kifulfulde. Kwa hiyo ukisema "wamekuwa Wahausa kabisa" umekosea, na ukisema "ni Wafulani tu" umekosea pia.

---

Mama_Mtindi

Mwalimu, kaka hapo juu ameeleza vizuri habari za watawala. Wao ni wachache. Wafulani wengi waliotulia Nigeria hawajawahi kuona ikulu, wako vijijini kando ya mashamba. Kwa hao mimi nasema angalia maziwa. Siku mwanamke anapoacha kuuza maziwa, mengine yote yanafuata.

Nianze na nani anamiliki nini. Ng'ombe huhesabiwa kuwa wa mwanamume. Anayekamua hutofautiana, kuna sehemu wanawake, kuna sehemu vijana wa kiume. Lakini maziwa yakishaingia kibuyuni ni ya mke. Yeye ndiye anayeamua kiasi gani kiliwe, kiasi gani kigandishwe, kiasi gani kiende sokoni, na fedha inayorudi ni yake: ananunulia nafaka, chumvi, viungo, nguo za watoto. Mke mchanga anapohamia rasmi kwa mumewe (mara nyingi baada ya kujifungua mtoto wa kwanza kwao) hupewa haki ya maziwa ya ng'ombe kadhaa, naye anakuja na vibuyu vyake. Vile vibuyu vilivyochongwa na kupangwa kwa ustadi unavyoviona kwenye picha vilikuwa mtaji wa kazi, na uzuri wake ulikuwa tangazo la usafi wa muuzaji.

Kazi yenyewe iko hivi. Maziwa mabichi, biraaɗam, huachwa usiku kucha kibuyuni, yakichanganywa na mabaki kidogo ya mtindi wa jana. Asubuhi malai huenguliwa na kusukwasukwa peke yake. Kibuyu cha kusukia kijazwe nusu tu, ukikijaza zaidi maziwa hayana nafasi ya kugonga na siagi haishikani. Hufanywa alfajiri kwa sababu jua likipanda mafuta hulainika mno, yanabaki yameelea kama vumbi badala ya kuwa donge. Kwa ng'ombe wa kienyeji lita 20 hadi 25 za maziwa hutoa kama kilo 1 ya siagi. Mtindi uliobaki hupigwa kwa upekecho, burgal, na ndio unaokwenda sokoni, Wahausa wanauita nono. Huuzwa pamoja na fura: uwele unatwangwa na tangawizi, karafuu na pilipili, unafinyangwa madonge ya ukubwa wa yai, unachemshwa kama nusu saa, unatwangwa tena ukiwa moto, unafinyangwa upya. Mteja anavurugiwa donge kwenye mtindi hapohapo.

Sasa piga hesabu. Chukua kaya yenye ng'ombe 20. Majike wazima tuseme 8. Kwa kuwa jike wa kienyeji huzaa kama mara moja kila miaka miwili, wanaokamuliwa kwa wakati mmoja ni 4. Masika, ukishamwachia ndama haki yake, unapata kama lita 1 kwa kila mmoja, jumla lita 4. Kiangazi inashuka hadi nusu lita, jumla lita 2. Kaya ikitulia, vijana huondoka na kundi kubwa kwenda kusini kuanzia Oktoba au Novemba hadi mvua zirudi, nyumbani wanabakiza majike wawili kwa ajili ya wazee na watoto. Hapo mama ana lita 1 kwa siku. Haitoshi kuuza. Ananunua mtindi kwa mwenzake, anaongeza maji, na akitaka uzito urudi anatia unga wa ubuyu. Wateja wanajua, bei inashuka. Upande wa pili wa soko yupo mwuza maziwa ya unga kutoka Ulaya, mengine yametolewa mafuta ya maziwa na kutiwa mawese, na bei yake haipandi kiangazi.

Baada ya hapo mama anafanya nini? Anauza vitu vingine: chakula kilichopikwa, karanga, sabuni. Biashara hiyo ni ya Kihausa, kwa lugha na kwa mteja. Binti hafundishwi kusuka maziwa kwa kuwa hakuna cha kusuka. Sufuria na bakuli za enameli na plastiki zinachukua nafasi ya vibuyu katika vyombo vya harusi. Na yale mazungumzo ya alfajiri kati ya mama, bibi na binti, ambayo yalikuwa ya Kifulfulde kwa sababu kazi yenyewe ina msamiati wa Kifulfulde, yanakosa mahali pa kufanyikia.

Ongeza na kamba ya ndama, daangol. Ndama hufungwa usiku kwenye kamba moja ndefu wasimalize maziwa. Asubuhi anafunguliwa mmoja mmoja, ananyonya kidogo ili mama yake ateremshe maziwa, kisha anavutwa pembeni jike akamuliwe. Kamba hiyohiyo ndiyo iliyogawa boma: upande wa magharibi zizi na wanaume, upande wa mashariki vibanda na wanawake. Kaya ikijenga nyumba ya tofali yenye vyumba na korido, au ikifuga ng'ombe chotara wa kizungu anayekamuliwa bila ndama, kamba haina kazi tena na mgawanyo wa boma hauonekani. Mtoto aliyezaliwa humo ukimwambia "upande wa magharibi" anakuonyesha barabara.

---

BwanaMifugo_TZ

Dada Mama_Mtindi, hesabu yako naikubali, mpangilio wako siukubali. Maziwa hayapungui yenyewe. Kinachoanza ni ardhi, kisha mikopo ya ng'ombe, ndipo maziwa.

Zamani Mfulani na mkulima wa Kihausa walikuwa na mkataba usioandikwa. Baada ya mavuno kundi lililala shambani, ng'ombe wakala mabua, mkulima akapata samadi, mara nyingine mfugaji akapewa nafaka juu yake. Mambo mawili yaliuvunja. Kwanza mbolea ya viwandani na wakulima kuwa na mifugo yao wenyewe: mabua na majani ya kunde sasa hukusanywa, hufungwa mizigo na huuzwa mjini. Pili mabonde. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 miradi ya fadama (kwa Kihausa, bonde lenye maji) ilileta pampu ndogo za umwagiliaji mabondeni, na hayo mabonde ndiyo yaliyokuwa malisho ya mwisho wa kiangazi. Kitunguu na nyanya vikipandwa mahali pa kunyweshea, njia ya ng'ombe, burtali, hufungwa hata kama ramani inaionyesha.

Serikali ya Nigeria ya Kaskazini ilitunga sheria ya hifadhi za malisho mwaka 1965. Baadhi zipo hadi leo, Kachia kule Kaduna ndiyo inayotajwa zaidi. Tatizo la hifadhi nyingi ni kwamba zilitangazwa bila visima vya kutosha wala upimaji kamili, kwa hiyo wakulima waliingia na hakuna aliyewatoa. Mwaka 2017 jimbo la Benue, Nigeria, lilipiga marufuku uchungaji wa wazi, na majimbo mengine yakafuata. Mtu anatulia kwa kuwa njia ya kuondoka imefungwa. Huyo hafanani na aliyetulia Futa Jallon kwa hiari yake akiwa na dola mkononi.

Kinachofuata ni haɓɓanaaya, yaani mkopo wa ng'ombe, nao Wodaabe, Wafulani wanaohamahama wa Niger, ndio waliohifadhi utaratibu wake wazi zaidi. Unampa ndugu au rafiki mtamba. Yeye anamtunza, anakunywa maziwa, ndama wawili au watatu wa mwanzo wanakuwa wake, kisha anakurudishia jike. Mkopo huo ulifanya kazi tatu kwa mpigo: bima ya ukame, kwa kuwa ng'ombe wako wako mahali tofauti tofauti, mtaji wa kijana, na kamba ya undugu, kwa sababu mtu aliyeshika mtamba wako hawezi kukataa kuja kwenye shughuli yako. Ukame wa 1968 hadi 1973 na ule wa 1983 na 1984 uliua makundi kiasi kwamba hakukuwa na mitamba ya kukopeshana. Waliotulia baada ya hapo walirudi kufuga kwa njia nyingine, wakichunga ng'ombe wa wafanyabiashara na watumishi wa mjini kwa mshahara. Mchungaji wa kuajiriwa hawezi kumkopesha ndugu yake mtamba wa bosi.

Ukitaka kipimo, kwa makadirio ya kawaida familia inayoishi kwa mifugo pekee inahitaji ng'ombe 3 hadi 5 kwa kila mtu. Kaya ya watu 8 ni kama 24 hadi 40. Ikishuka chini ya hapo lazima ilime au iajiriwe. Ikiwa inalima, vijana wanahitajika shambani msimu wa mvua, wakati uleule ambao zamani koo zilikutana kwenye malisho mapya kwa ngoma na posa. Mikutano inakufa kwa kukosa watu, si kwa kukatazwa.

---

Mama_Mtindi

Kaka, ardhi ni chanzo, sijakataa. Lakini zipo kaya za pembezoni mwa Kaduna na Jos zenye malisho madogo sana ambazo bado zinasema Kifulfulde kwa sababu mama bado anauza mtindi mjini kila siku. Na zipo kaya zenye ng'ombe 100 ambazo mama amekatazwa kutoka kwenda sokoni, mume ameona ni heshima kumfungia ndani kama mke wa mwanachuoni wa mjini. Ng'ombe wamejaa, maziwa wanaachiwa ndama au mchungaji, na watoto wanasema Kihausa. Huo ni utajiri na uchaji, sioni ardhi hapo.

---

NgeliNyingi

Mwalimu, nakujibu swali la tatu. Kifulani kina ngeli zaidi ya ishirini, lakini tofauti na Kiswahili alama ya ngeli iko mwishoni mwa neno, na mara nyingi konsonanti ya mwanzo nayo hubadilika. Kwa kuwa ni mfumo mzito, ndio unaoonyesha nyufa mapema. Omba mtoto wa miaka 10 na bibi yake wakupe umoja na wingi wa maneno haya, kila mmoja peke yake:

Pullo – Fulɓe (Mfulani)
gorko – worɓe (mwanamume)
debbo – rewɓe (mwanamke)
ɓiɗɗo – ɓiɓɓe (mtoto)
nagge – na'i (ng'ombe)
suudu – cuuɗi (nyumba)
wuro – gure (kijiji, boma)
rawaandu – dawaaɗi (mbwa)

Bibi hatasita. Mtoto aliye salama atakosea neno moja au mawili. Mtoto aliye njiani kuhama atakupa "mwanamume", "mwanamke", "ng'ombe" na "nyumba" sawasawa kwa sababu anayasikia kila siku, lakini rawaandu ataacha r palepale kwenye wingi. Hatua inayofuata ni upatanisho: badala ya kiwakilishi cha kila ngeli anatumia kimoja kwa vitu vyote, kama mtu anayesema "kitabu yangu" na "mti yangu". Kaskazini mwa Kamerun Kifulfulde cha soko kimefika hapo muda mrefu, wenyewe wanakiita Bilkiire, na ni lugha kamili ya mawasiliano, haina ubaya. Ila mtoto wa Kifulani akianza kusema hivyo nyumbani ujue anajifunzia sokoni.

Kipimo cha pili ni rangi za ng'ombe. Ng'ombe ana ngeli yake, ambayo pia ina jua (naange) na moto (yiite), na kivumishi lazima kifuate: jike mwekundu ni wodeeye, mweusi ni ɓaleeye. Mchungaji ana maneno ya aina hiyo kwa mabaka, kwa pembe, kwa masikio. Kaya inapobakiwa na "mweusi, mweupe, mwekundu" tu, kazi ya kuchunga imeshahamia kwa mtu mwingine.

Cha tatu, sikiliza lugha gani inatumika kuhesabu fedha, kukemea mtoto, na kusema na mnyama. Kwa kawaida fedha ndiyo ya kwanza kuhama na mnyama ndiye wa mwisho. Kuna nyumba ambazo Kifulfulde kimebaki kwa ng'ombe peke yao.

Usitumie majina ya watu kupima. Sehemu za Senegal na Mali kuna majina ya mpangilio wa kuzaliwa, Hammadi wa kwanza, Samba wa pili, Demba wa tatu, Yero wa nne, na kwa wasichana Sira, Kumba, Penda. Yanaendelea kutumika hata Dakar kwa familia zinazosema Kiwolof kutwa nzima.

---

Mwalimu_Kondo

Nashukuru sana, ndugu zangu. Maswali mawili ya nyongeza. Pulaaku, ile adabu yao, inasimama wapi katika haya yote? Na nimesoma kwamba vijana wa Guinea walibuni herufi mpya kabisa. Je, zinasaidia au ni fasheni?

---

Zizi_la_Magharibi

Pulaaku hugawanywa kawaida katika mambo matatu: munyal, yaani subira ya kuvumilia maumivu na hasara bila kulalama, semteende, soni, na hakkiilo, busara ya kujua la kufanya. Soni ndiyo inayoonekana kwa macho. Mtu hali mbele ya wakwe, mama hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina, mume na mke hawaonyeshani mapenzi hadharani. Sehemu hii inahama lugha bila shida. Wahausa nao wana kunya, inafanana nayo, kwa hiyo Mfulani wa Kano ameihifadhi na huenda hajui kwamba ilikuwa na jina jingine.

Subira ndiyo iliyopoteza uwanja wake. Uwanja ulikuwa sharo, ambako kijana anasimama kifua wazi, mwenzake anamchapa kwa fimbo mbichi, naye hatikisiki, anacheka na kuimba. Zamu ya kulipa inaweza kungoja mkutano mwingine. Bila sharo kijana hakuhesabiwa kuwa tayari kuoa. Wanachuoni wengi wameupinga kwa hoja ya dini, wazazi waliosoma hawataki kovu mgongoni mwa mtoto, na palipobaki mara nyingi ni onyesho la sikukuu lenye kipaza sauti na wageni rasmi. Anayechapwa jukwaani halipwi kwa mchumba, analipwa kwa fedha za kutunzwa. Mimi siwalaumu wazazi.

Kitu kinachodumu kuliko vyote ni utani. Wafulani na Waserer kule Senegal, Wafulani na Wakanuri kule Nigeria, wanatukanana kwa ruhusa hadi leo mijini, ofisini na bungeni. Wanafunzi wako wakiwa Wasukuma na Wazaramo wataelewa bila maelezo.

---

NgeliNyingi

Herufi zinaitwa ADLaM. Ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kuzichora Nzérékoré, Guinea, mwaka 1989 wakiwa bado watoto. Ni 28 za msingi, zinaandikwa kulia kwenda kushoto, zinaweza kuunganishwa, zina herufi kubwa na ndogo. Ziliingia Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta na simu, mwaka 2016. Jina ni kifupi cha maneno yanayosema ni alfabeti inayowalinda watu wasipotee.

Faida yake ni kwamba ɓ, ɗ na ƴ zina herufi zake. Maandishi ya Kilatini yalikubaliwa Bamako mwaka 1966 yakiwa na alama hizo, lakini kwenye simu watu wanaandika b, d, y za kawaida, na maneno yanagongana. Maandishi ya Kiarabu nayo kila mwalimu ana nukta zake.

Mambo yanayokwamisha ni ya kiufundi. Simu kuukuu huonyesha visanduku vitupu, na mtumaji hajui kwamba mpokeaji haoni kitu. Dawa ni kifaa chenye mfumo mpya au fonti ya Noto Sans Adlam. Tarakimu za ADLaM nazo husomwa kulia kwenda kushoto, tofauti na za Kiarabu, kwa hiyo namba za simu na bei ndani ya maandishi hupinduka. Wengi wameamua kuacha namba kwa tarakimu za kawaida. Na usitarajie zitafanya kazi mahali ambapo lugha imekwisha. Zilishika kasi Guinea na kwa Waguinea walioko ughaibuni kwa sababu walikuwa wanasema Kipular tayari. Mtoto wa Kano aliyelelewa kwa Kihausa atajifunza kuandika jina lake, atalipamba kwenye picha ya wasifu, basi.

Shule ina tatizo la aina hiyohiyo. Nigeria iliunda tume ya elimu ya wahamaji mwaka 1989, ikaleta madarasa ya kuhamishika na vipindi vya redio. Watoto walisoma, hilo ni jema. Lakini kaskazini mwalimu anayepatikana mara nyingi ni msemaji wa Kihausa, na mtoto aliyekuwa na lugha moja ya nyumbani anatoka na lugha ya darasani ambayo ndiyo inayomfaa sokoni.

---

Mto_Uele

Naongeza dogo kwa wasomaji wa Kongo. Wambororo walioingia Bas-Uele na Haut-Uele kuanzia miaka ya 2000 wakitokea Chad na Jamhuri ya Afrika ya Kati ni Wafulani, lakini si hawa wanaozungumziwa hapa. Wale wanahama na familia nzima na ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu. Kuwaweka kapu moja na Fulanin gida, yaani Wafulani wa mjini wa Kano, ni sawa na kumchukua mchungaji wa Simanjiro ukamlinganisha na wakili wa Arusha kwa kuwa wote ni Wamaasai.

Mfano wa waliotulia upande huu wa bara uko Sudan: Maiurno, kwenye Nile ya Buluu karibu na Sennar. Baada ya Sultani Attahiru wa Sokoto kuuawa na Waingereza huko Burmi, Nigeria, mwaka 1903, wafuasi wake waliendelea mashariki, na mwanawe Mai Wurno akaanzisha mji huo. Kihausa walikibeba kutoka Sokoto, Kiarabu wakakikuta, Kifulfulde kikabanwa katikati.

---

BwanaMifugo_TZ

Mwalimu, kwa vipindi viwili usijaribu kubeba yote. Cha kwanza wape ramani ya Kano, Yola, Bida, Wasulu na Futa Jallon, waulize katika kila mahali ni nani alikuwa na soko kabla Wafulani hawajafika. Cha pili wape hesabu ya Mama_Mtindi ya lita 4, lita 2 na lita 1, wabadilishe idadi ya ng'ombe na miezi ya kiangazi, waone ni lini mama anaacha kwenda sokoni. Wakimaliza warudie zoezi hilo kwa kaya ya Kibarabaigi ya Hanang, ila huko wape maziwa ya mbuzi pia, maana matokeo hubadilika sana.